Kwa Ajili ya Watoto Wangu: Familia, Ukweli na Dhamiri katika Tamthilia za Arthur Miller



Ipo sababu moja ambayo mwanadamu huitoa upesi kuliko nyingine zote anapobanwa juu ya tendo baya alilolitenda: alifanya kwa ajili ya watoto wake. Mfanyabiashara anayechezea mizani huitoa. Mtumishi wa umma anayepokea bahasha chini ya meza huitoa. Hata yule anayetoa ushahidi wa uongo katika shauri la shamba la urithi hutuonesha watoto wake, kisha akatuuliza tungekuwa sisi tungefanyaje. Sababu hiyo ina nguvu kwa kuwa nusu yake ni kweli. Mwenyezi Mungu mwenyewe amewakabidhi wazazi wajibu wa kuwalisha, kuwavika na kuwalea watoto wao, na Mtume Paulo anamhesabu mtu asiyewatunza walio wake kuwa ameikana imani (rej. 1 Tim 5:8).

Ni nusu ya pili ya sababu hiyo tunayotaka kuitafakari katika makala haya. Tutaongozwa na mwandishi ambaye huenda wengi wetu hatujapata nafasi ya kumsoma, Arthur Miller, mtunzi wa tamthilia kutoka Marekani, ambaye aliitazama sababu hiyo kwa miaka mingi na kuonesha jukwaani mahali inakompeleka mtu.

Kwa nini Kanisa lijishughulishe na michezo ya kuigiza?

Mwamini anaweza kuuliza tamthilia za Marekani zinahusianaje na wokovu wa roho. Jibu la kwanza limo katika Maandiko Matakatifu. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani, nabii Natani hakuanza kwa kumkaripia. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya mifugo aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja wa pekee. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye (rej. 2 Sam 12). Kisa kizuri hupenya mahali ambapo karipio haliwezi kufika. Tunamhukumu mtu aliye mbele yetu, na kabla hatujaondoka tunagundua kwamba hukumu ni yetu.

Ndiyo maana Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes, namba 62, unatambua umuhimu wa fasihi na sanaa kwa maisha ya Kanisa, kwa vile zinajitahidi kumfahamu mwanadamu pamoja na mashaka na matumaini yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani alikuwa mwigizaji na aliyetunga tamthilia kabla ya kuwa Papa, aliwaandikia wasanii barua mwaka 1999. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, aliwahimiza si waseminari tu bali Wakristo wote wasome riwaya na mashairi, kwa sababu anayesoma hujifunza kuisikiliza sauti ya mtu mwingine.

Mwandishi na nyakati zake

Arthur Miller alizaliwa mjini New York tarehe 17 Oktoba 1915, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Poland. Baba yake alikuwa na kiwanda cha makoti ya wanawake, na familia iliishi kwa raha hadi uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 1929. Mali ikayeyuka. Familia ikahamia katika nyumba ndogo huko Brooklyn, na kijana Arthur akafanya kazi katika ghala la vipuri vya magari ili apate ada ya kusoma Chuo Kikuu cha Michigan. Tangu ujana wake, basi, alimwona baba aliyekuwa mtu wa heshima akipoteza kila kitu, na alikuwa na sababu ya kujiuliza mtu hubaki na nini fedha zinapoondoka. Alifariki dunia tarehe 10 Februari 2005, akiwa na umri wa miaka 89.

Miller hakuwa Mkristo, wala tamthilia zake si mahubiri. Hata hivyo, aliamini jambo ambalo Mama Kanisa hulifundisha daima, kwamba hakuna mtu mdogo. Tangu Wagiriki wa kale, tanzia, yaani mchezo wa maanguko na huzuni, ilihesabiwa kuwa habari za wafalme na wakuu. Katika insha aliyoiandika mwaka 1949, Miller alidai kwamba mtu wa kawaida, mwenye deni la nyumba na gari bovu, anastahili tanzia sawasawa na mfalme, kwa kuwa naye anapigania heshima yake mbele ya ulimwengu.

Baba aliyejenga uzio: "Wote ni Wanangu"

Tamthilia iliyomletea sifa ni All My Sons, yaani "Wote ni Wanangu", iliyooneshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Januari 1947, vita vikuu vikiwa vimekwisha karibuni tu. Mbegu yake ilikuwa habari ya kweli ya binti aliyemshtaki baba yake kwa kuliuzia jeshi vifaa vibovu.

Joe Keller ana kiwanda. Wakati wa vita kiwanda hicho kilitengeneza vichwa vya silinda vya injini za ndege za kivita, vile ambavyo mafundi wetu huviita silinda hedi. Siku moja shehena nzima ikatoka na nyufa. Jeshi lilikuwa likiisubiri, na kusimamisha kazi kungeleta hasara, pengine hata kupoteza mkataba. Keller akamwagiza mshirika wake, Steve Deever, kwa simu, azizibe nyufa na kuisafirisha shehena. Yeye mwenyewe akabaki nyumbani akijidai ana mafua. Ndege zikaanguka, na marubani 21 wakafa. Mahakamani Keller akakana kwamba alitoa agizo lolote. Mwenzake akabaki gerezani, yeye akarudi kwake.

Miller hamchori Keller kama jambazi. Ni jirani mchangamfu, kipenzi cha watoto wa mtaani, mume mwaminifu, baba aliyejikakamua ili amwachie mwanawe Chris biashara iliyosimama. Ukweli unapofichuka, hana utetezi mwingine ila familia. Lakini alikuwa na mwana mwingine, Larry, rubani aliyepotea vitani. Mama yao, Kate, kwa miaka zaidi ya mitatu anakataa kuamini kwamba Larry amekufa. Mwishoni tunaelewa kwa nini: moyoni mwake anajua kwamba akikubali kifo cha mwanawe, atalazimika kumtazama mumewe kama muuaji. Larry hakufa kwa sababu ya vifaa vya baba yake. Barua aliyomwandikia mchumba wake inafunua kwamba alisoma habari za baba yake gazetini, akashindwa kuibeba aibu ile, akarusha ndege yake asirudi tena. Keller anapoisikia barua hiyo ndipo anapoelewa kwamba wale marubani nao walikuwa wanawe. Anaingia ndani ya nyumba, na mlio wa bunduki unasikika.

Dhambi ya Keller si kwamba aliipenda familia yake kupita kiasi. Aliipenda pungufu, kwa maana upendo wake ulikuwa na uzio, nao uliishia pale ua wa nyumba yake ulipoishia. Ni swali la Kaini, yule aliyeuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake (rej. Mwa 4:9). Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa Kitume Reconciliatio et Paenitentia wa mwaka 1984, namba 16, anafundisha kwamba kila dhambi, hata ile ya siri kabisa, huwadhuru wengine, na kwamba uovu wa jamii nzima ni mrundikano wa dhambi za watu binafsi: wanaotenda, wanaonufaika na wanaonyamaza. Katika nyumba ya Keller wamo wote watatu. Hata Chris, kijana mwenye maadili, anakiri kwamba alimshuku baba yake, akachagua kutouliza.

Wahenga wetu husema damu ni nzito kuliko maji, na kwa maisha ya dunia hii wamesema kweli. Lakini Mkristo amezaliwa upya kwa maji ya Ubatizo, na Damu anayoipokea Altareni ni moja kwa wote. Mkandarasi anayepunguza saruji na nondo katika darasa la shule ana watoto anaowapenda. Muuza dawa anayebandua tarehe ya mwisho wa matumizi ana ada za kulipa. Mwenye basi anayejua kwamba breki zimechoka ana wategemezi wengi nyumbani. Na kila basi lenye breki mbovu limebeba watoto wa mtu.

Mtu aliyejitia bei: "Kifo cha Mchuuzi"

Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Februari 1949, ikaoneshwa Death of a Salesman, "Kifo cha Mchuuzi", iliyomletea Miller tuzo ya Pulitzer. Willy Loman ana umri wa miaka 63. Maisha yake yote amekuwa akiendesha gari kutoka mji hadi mji akiuza bidhaa za kampuni. Sasa amechoka, mshahara umeondolewa na amebakiziwa kamisheni tu. Anamwendea bosi kuomba apewe kazi ya mjini. Bosi huyo ni kijana, mtoto wa bosi wa zamani, na Willy alikuwa tayari kazini siku alipopewa jina. Kijana yule anachezea mashine yake mpya ya kurekodi sauti huku mzee akimsihi, na mwisho anamfukuza kazi.

Hapa tunaona waziwazi yale ambayo Mtakatifu Yohane Paulo II aliyafundisha katika Waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981: kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Mfanyakazi akihesabiwa kama chombo cha kuzalisha, atatupwa kama chombo siku anapochakaa.

Hata hivyo Miller hamtui bosi mzigo wote. Willy naye ameyakubali mafundisho yaleyale yanayomponda. Anaamini kwamba mtu hufaulu kwa sura nzuri, maneno matamu na kupendwa na wateja, na imani hiyo ndiyo aliyowarithisha wanawe, Biff na Happy. Biff anapochukua mpira wa shule bila ruhusa, baba anacheka na kuona ni ujasiri. Wavulana wanapoiba mbao kwenye nyumba inayojengwa jirani, baba anajivuna mbele ya wageni. Kisha anashangaa kwa nini Biff ameshindwa kudumu katika kazi yoyote na amewahi kufungwa kwa wizi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Willy alitumia maisha yake kujitembeza, akasahau kuwa chema.

Lipo jeraha jingine. Biff alipokuwa kijana alimfuata baba yake Boston kumwomba msaada baada ya kufeli hisabati, akamkuta hotelini na mwanamke asiye mama yake. Baba alikuwa akimpa mwanamke huyo soksi mpya, wakati nyumbani mkewe Linda alikuwa akizishona zake zilizotoboka. Tangu siku ile Biff hakulirudia somo alilofeli, na kati ya baba na mwana ikabaki siri waliyoijua wawili tu, ikiwatafuna. Tuseme wazi kwa wanandoa: uzinzi wa mzazi hauishii kati ya wakubwa. Watoto huulipia.

Mwisho wa mchezo ndio unaotugusa zaidi. Usiku ule Biff anamwambia baba yake ukweli bila kujificha: kwamba yeye si mtu mkubwa, hatakuwa mtu mkubwa, na anaomba tu akubaliwe alivyo. Kisha analia kifuani pa baba yake. Willy anashangaa: mwanawe anampenda! Ilikuwa saa ya neema. Alichokitafuta maisha yake yote kwa kujitembeza, amepewa bure akiwa hana kazi wala fedha. Lakini Willy hajui kupokea kitu cha bure. Anawaza bima yake ya maisha, dola 20,000, na namna zitakavyomwinua Biff. Anatoka, anaendesha gari hadi mautini. Mazishini hawaji wale wateja wengi aliowasifia. Linda, kaburini, anamweleza marehemu kwamba siku hiyohiyo amelipa deni la mwisho la nyumba, na sasa hakuna wa kuishi ndani yake.

Mwaka 1983 Miller mwenyewe aliuongoza mchezo huu mjini Beijing, China, ukiigizwa na Wachina kwa lugha yao. Katika nchi yenye mfumo wa uchumi tofauti kabisa na ule wa Marekani, watazamaji walimtambua Willy. Nasi tunamtambua. Ni baba anayeficha mikopo ya kausha damu ili mke asijue kwamba kazi imekwisha. Willy alikuwa akikopa fedha kila wiki kwa jirani yake Charley na kumwambia mkewe ni mshahara, ilhali Charley huyohuyo alikuwa tayari kumpa kazi ya halali. Kiburi kilimzuia. Heri baba anayerudi nyumbani na kusema, "Mama watoto, nimeachishwa kazi," kuliko anayeleta fedha za kuazima pamoja na tabasamu la uongo.

Tunapaswa pia kusema neno juu ya kujiua, kwa kuwa tamthilia hizi mbili zinaishia hapo. Mama Kanisa anafundisha kwamba uhai ni wa Mungu, nasi ni watunzaji tu. Hakuna bima inayoweza kumlipa mtoto thamani ya baba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha pia, namba 2282 na 2283, kwamba misukosuko mikubwa ya nafsi, dhiki na hofu vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliokufa hivyo. Kanisa huwaombea. Mtu yeyote anayesoma makala haya akiwa na mawazo ya namna hiyo, asibaki nayo peke yake. Amwambie leo ndugu, daktari au padre wake. Deni hulipika, na aibu hupita.

Kijiji kilichojaa hofu: "The Crucible"

Tamthilia ya tatu, The Crucible, jina lenye maana ya chungu cha kuyeyushia madini, ilitoka Januari 1953. Inatupeleka Salem, Massachusetts, mwaka 1692, ambako kweli watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, akafa kwa kulundikiwa mawe. Mwaka 1711 serikali ya koloni hilo ilitengua hukumu nyingi na kuzilipa fidia familia. Miller alibadili baadhi ya mambo. Uzinzi wa John Proctor na msichana Abigail Williams ni ubunifu wake, kwani kihistoria Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi naye Proctor mtu wa miaka 60 hivi.

Katika mchezo, wasichana waliokutwa wakicheza ngoma msituni usiku wanaogopa adhabu, wakaanza kutaja wachawi. Kila aliyetajwa anaokoka kwa kukiri na kuwataja wengine. Anayesema kweli, kwamba hana hatia, ananyongwa. Nyuma ya pazia la dini zimo hesabu nyingine. Thomas Putnam anatamani mashamba ya majirani watakaohukumiwa. Abigail anatamani nafasi ya mke wa Proctor.

Kwetu habari hii haihitaji mkalimani. Katika Kanda ya Ziwa wamekuwapo bibi waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Mara nyingi, ukiuliza vizuri, unakuta pia kuna shamba. Methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja, imetumika vibaya kuwahukumu wasio na hatia. Amri ya Nane haitukatazi uongo wa mahakamani tu. Katekisimu, namba 2477, inataja pia kumdhania mtu vibaya bila msingi, kusengenya na kusingizia.

Jambo kubwa zaidi limo katika uamuzi wa John Proctor. Si mtakatifu. Alipoulizwa na mchungaji Hale azitaje Amri Kumi, alisahau moja, na mkewe Elizabeth akamkumbusha kwa upole kwamba ni ile ya uzinzi. Sasa yuko gerezani. Akikiri uchawi kwa uongo, ataishi. Mkewe ana mimba, na wana watatu wanamsubiri nyumbani. Mchungaji Hale mwenyewe, aliyevunjika moyo kwa makosa ya mahakama, anawasihi wafungwa waseme uongo ili wapone. Proctor anakubali kwa mdomo. Lakini wanataka awataje wengine, anakataa. Wanataka sahihi yake ili ibandikwe kwenye mlango wa kanisa; anatia sahihi, kisha anaichana karatasi. Hatawafundisha wanawe kutembea kama wanaume kwa kuwauza rafiki zake. Anakwenda kunyongwa.

Hapa ile sababu tuliyoanza nayo inageuzwa juu chini. Keller alisema uongo kwa ajili ya wanawe, akawapoteza wote wawili. Proctor alisema kweli kwa ajili ya wanawe, akawaachia jina. Tusifanye haraka kusema kwamba Keller aliwapenda wake kuliko Proctor.

Miller alikuwa na sababu ya kuiandika habari hii. Katika miaka ile kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu na kuwadai wataje majina ya wenzao waliowahi kushirikiana na wakomunisti. Elia Kazan, aliyeziongoza jukwaani zile tamthilia mbili za kwanza, alitaja majina mwaka 1952, na urafiki wao ukavunjika. Miller mwenyewe aliitwa mwaka 1956. Alikubali kueleza mambo yake binafsi, akakataa kuwataja wengine. Alihukumiwa mwaka 1957 kwa kulidharau Bunge, na mwaka uliofuata hukumu hiyo ikatenguliwa na mahakama ya rufaa.

Tutaje kwa ufupi A View from the Bridge ya mwaka 1955, kwa kuwa inawahusu Waitaliano wa bandarini Brooklyn. Eddie Carbone amemlea Catherine, mpwa wa mkewe, kama binti yake. Lakini upendo wa malezi unageuka tamaa asiyothubutu kuikiri. Binti anapompenda kijana mhamiaji asiye na hati, aliyekaribishwa katika nyumba hiyohiyo, Eddie anawapigia simu maofisa wa uhamiaji. Anasema anamlinda binti. Mwisho anakufa mtaani akidai arudishiwe jina lake zuri. Eddie aliupeleka moyo wake kwa wakili, naye wakili hakuwa na kifungu cha sheria cha kuuponya.

Palipokosekana Kitubio

Na hapa ndipo sisi Wakatoliki tuna neno la kuongeza. Katika tamthilia hizi ukweli huja kama moto, nao huteketeza. Keller anapata Natani wake, mwanawe Chris, anayemwambia kosa lake ana kwa ana. Lakini Daudi alipokiri, aliambiwa pia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Keller haambiwi hivyo na mtu yeyote. Petro na Yuda Iskarioti wote walimkosea Bwana usiku mmoja, na wote walijuta. Petro aliendelea kuishi hadi akakutana na macho ya Mfufuka kando ya ziwa.

Tulinganishe maungamo ya Salem na Sakramenti ya Kitubio. Mahakama ile ilidai uongo; Sakramenti inadai ukweli. Mahakama ilidai majina ya wengine. Katika Kitubio kila mmoja anaungama dhambi zake mwenyewe, si za jirani. Mahakama ilitaka karatasi mlangoni pa kanisa, Kanisa linamfunga padre kwa muhuri wa kitubio usioweza kuvunjwa kwa sababu yoyote (rej. KKK 1467). Proctor alikuwa na haki ya kuyakataa maungamo ya namna ile, kwa kuwa yalikuwa kinyume cha toba.

Wala tusidhani kwamba msamaha ni njia ya mkato. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake aliahidi kurudisha mara nne (rej. Lk 19:8). Keller asingeweza kujidai ametubu huku Steve Deever akibaki gerezani kwa ajili yake. Angepaswa kwenda kwa hakimu, kusema kweli na kubeba adhabu. Lakini angeibeba akiwa hai, akiwa baba, na labda siku moja Chris angemtembelea huko.

Kwa familia na Jumuiya zetu

Tunapendekeza maswali matatu kwa tafakari katika familia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kwanza: katika kazi ninayoifanya, ni mtoto wa nani anayebeba hatari ya uzembe au udanganyifu wangu? Pili: nyumbani kwetu, ni jambo gani ambalo wote tunalishuku na hakuna anayeuliza, kwa kuwa tunanufaika nalo? Tatu: mtoto wetu akirudi bila cheti, bila kazi, bila cha kujivunia, je, anajua kwamba mlango wa nyumba hii haufunguliwi kwa fedha?

Wazazi wapendwa, watoto wanahitaji mkate, nanyi mnautolea jasho kila siku, Kanisa linawashukuru. Lakini mkate ulionunuliwa kwa damu ya mtoto wa mwingine hauwashibishi. Wapeni pamoja na mkate huo jina wanaloweza kulibeba bila kuinamisha kichwa, na ukweli hata pale unapowaaibisha ninyi wenyewe. Na ikiwa mkate ulikwishachafuka, kiti cha maungamo ki wazi, na Kristo Yesu, ambaye kwake wote ni wana wa Baba mmoja, anawasubiri humo kwa huruma.

Mwenyezi Mungu azibariki familia zenu.